Hakuna Picha Hata Moja

Wacha niandike hii kabla nibadilishe nia.

Klabu ikifungwa Nairobi mnajua vile huwa. Watu wanafukua picha za kitambo, mtu anaweka video ya DJ akiwa ameloa jasho, mwingine anaandika "waliokuwa hapo wanajua", na kwa siku tatu hivi kila ukurasa ni matanga. Mahali petu palifungwa Novemba na hakuna mtu aliandika kitu. Niliangalia. Nilipitia kurasa za watu ninaojua walikuwa hapo kila Jumamosi, watu waliocheza juu ya viti mpaka viti vikavunjika, nikapata Arsenal, birthday ya mtoto, na mtu anauza marashi.

Mimi hulipwa kupost. Niliacha campus mwaka wa pili juu ya hii kazi, na nimewaonyesha kila kitu: godoro langu la kwanza, jino lililong'olewa, ile siku nililia ndani ya mat ya Rongai na makanga akanirudishia fare. Nina klipu zaidi ya elfu nne kwa simu. Na mahali nilipapenda kuliko pote kwa hii mji nina picha moja tu, na ni picha ya smoki.

Jina sitataja. Sitaki kuwawekea fumbo, ni vile tu jengo bado liko, na waliokuwa wakienda hapo wengine ni walimu, wengine wana bibi na watoto nyumbani, mmoja najua anaimba kwaya na anaimba vizuri. Ilikuwa baa ya mashoga. Haya, nimesema. Wale wa kuondoka, mlango ni huo.

Ilikuwa tao, upande wa chini, orofa ya tatu juu ya duka la vitambaa. Mchana ilikuwa hoteli ya kawaida, chapo ndengu, wasee wa kazi wanakula haraka haraka na TV iko juu. Jumamosi usiku pekee ndiyo ilikuwa yetu. Walikuwa wanarudisha meza ukutani, wanafunga taa mbili kati ya nne, na hiyo ndiyo ilikuwa mapambo. Ngazi zilinuka sabuni ya kupiga deki. Soja alikaa chini mlangoni, na juu ulipata msichana na katoni ya bahasha za khaki. Simu yako inaingia kwa bahasha, unapewa kakadi kenye namba, unaingia. Hakuna simu ndani. Hakuna kujadiliana.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 19 na nilikasirika kuhusu simu kuliko nilivyoogopa kuingia. Sikujua mikono naweka wapi. Nilisimama karibu na kaunta kama mtu amekuja kuulizia kazi.

Kwa kaunta kulikuwa na mama wa Mombasa, rika la mathe wangu, leso kiunoni. Yeye hakuwa wa mambo yetu, alikuwa mjane mwenye wajukuu wawili, anafanya kazi yake. Kila mtu alimwita shoga yangu. Sasa mimi nimekulia Rongai, hilo neno nililijua kama tusi tu, kitu cha kurushiwa mtu kwa stage ndio akimbie. Siku moja nikamuuliza, "Auntie, huogopi kutuita hivyo?" Akacheka mpaka akaweka glasi chini. "Mwanangu, kwetu mwanamke akimwita mwenziwe shoga, huyo ni mtu wake wa siri. Nyie wa bara ndio mmeliharibu." Najua si bara pekee, hata pwani linatumika kutukana. Lakini wanawake huko bado wanaitana hivyo hadi leo, na mimi nililisikia likisemwa kwa upendo kwa mara ya kwanza hapo, na mtu anayenipimia soda.

Muziki ulikuwa gengetone kidogo, amapiano nyingi, na saa nane usiku rhumba kwa heshima ya wazee. Ndio, tulikuwa na wazee. Wanaume wa miaka hamsini na kitu, wamekaa kona moja na Tusker zao, hawaongei sana. Mimi kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuona mtu kama mimi mwenye mvi. Hata sikuwa nimefikiria kwamba inawezekana ufike huko.

Saa kumi kasoro, lazima, Vulindlela ya Brenda Fassie. Huo wimbo ni wa 1997, wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Mnaujua, umechezwa kwa harusi ya kila shangazi yenu. Ni wimbo wa mzazi anayeshangilia kwa sababu mtoto wake anaoa. Na Brenda mwenyewe alipenda wanawake na hakujificha. Sasa fikiria chumba kina watu themanini, mia, na sidhani kuna hata mmoja ambaye mama yake atawahi kumpigia vigelegele juu ya mtu anayempenda, na wote wanaimba wimbo wa harusi kwa sauti yao ya mwisho, kwa Kizulu hawakielewi. Wale wazee wa kona walisimama kwa huo tu. Wanasimama, wanacheza polepole na glasi mkononi, wimbo ukiisha wanakaa.

Na kwa wale huniambia kwa komenti kwamba haya mambo "si ya muziki wetu", pumzikeni kidogo. Amapiano imetoka kwa house ya Afrika Kusini. House yenyewe ilipata jina kutoka kwa klabu moja ya Chicago, Warehouse, ilifunguliwa 1977, DJ akiwa Frankie Knuckles, na waliojaa humo ndani wengi walikuwa mashoga weusi na Walatino. Klabu ilifungwa kitambo, jina likabaki kwa muziki. Kwa hivyo Jumamosi ukiwa Westlands unavunja mgongo, unacheza ndani ya jina la mahali kama petu. Unaweza kuendelea, hakuna mtu amekukataza.

Hapo ndipo nilikutana na yeye. Na wacha niseme, Kiswahili kimenitunzia siri vizuri sana. Mathe akiniuliza, "Uko na mtu?" najibu, "Niko naye." "Anafanya kazi?" "Anafanya hoteli." "Huenda kanisa?" "Huenda kuniliko." Kila neno ni ukweli. Kwa Kizungu ningeshikwa siku ya kwanza. Tulienda hivyo karibu mwaka mzima, mathe akimpenda mtu ambaye hajawahi kumwona, akimtumia salamu na parachichi. Mpaka siku moja tukiwa tunachambua sukuma akauliza, "Sasa anakuoa lini?" Na hapo Kiswahili kikaniacha kwa stage. Kwa sababu kwetu kuna anayeoa na kuna anayeolewa, na mimi sikuwa na mahali pa kusimama kwa hiyo sentensi. Nilisema, "Bado tunajipanga, Mum." Halafu nikaenda kuosha uso.

Mathe, najua wewe husoma hizi posti. Najua pia hujawahi kubonyeza chochote. Kama umefika hapa, parachichi zilifika.

Niongee kuhusu sheria kidogo halafu niiache, maana inanichosha. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 14 jela, kiliachwa hapa na Waingereza. Mei 2019 nilikuwa Form Two. Binyavanga Wainaina, yule mwandishi aliyejitangaza hadharani 2014, alifariki tarehe 21, na tarehe 24 Mahakama Kuu ikasema hicho kifungu kinabaki. Wiki moja. Mwalimu wetu alisoma gazeti kwa sauti darasani, watu wakashangilia, na mimi nikashangilia pia. Hiyo ndiyo kitu hunirudia usiku, si ile hukumu. Ni mikono yangu ikipiga makofi.

Halafu Ijumaa ya 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba ilikuwa makosa kukataa kusajili shirika la kutetea haki zetu kwa sababu ya jina lake. Kesho yake Jumamosi palijaa mpaka kwa ngazi. Auntie aliishiwa na soda. Tulidhani kuna kitu kimeanza, na kweli kilianza, ila si kile tulidhani. Wanasiasa na viongozi wa dini walishika hiyo stori wakaibeba kila siku, ukiingia mat redio ni hiyo, ukienda kinyozi ni hiyo. Mei, Museveni akatia sahihi sheria yake kule Uganda, na tukaanza kuona sura mpya Jumamosi, watu waliokuja na begi moja. Wakati huo huo sura za zamani zikapungua. Mtu akiona komenti elfu mbili zinasema achomwe, anaanza kukaa nyumbani. Si lazima mtu amguse.

Kwa hivyo mkinisikia nikisema palifungwa msifikirie sinema. Hakuna mtu alivunja mlango. Wateja walipungua, kodi ilipanda, mkataba mpya ukaja na masharti ya kufunga saa nne usiku, na aliyekuwa akituandalia Jumamosi akachoka. Basi. Hata London, ambako hakuna mtu anafungwa jela juu ya hii, zaidi ya nusu ya baa na klabu kama hizo zilifungwa kati ya 2006 na 2017, na kodi ilikuwa sababu moja kubwa. Tofauti ni kwamba wao walihesabu. Kuna baa yao moja, Royal Vauxhall Tavern, jengo lililindwa 2015 kama la kihistoria kwa sababu ya waliokuwa wakienda hapo. Hapa jirani, Kampala, kulikuwa na Sappho Islands. Haikukaa sana, lakini tunajua ilikuwepo, na tunajua kwa sababu Kasha Nabagesera, aliyeifungua 2010, alikubali jina lake liandikwe na amelilipia hilo jina. Yetu nani ataandika? Mimi hapa naandika na bado nimeficha jina.

Usiku wa mwisho tulipewa simu mapema, saa kumi na nusu, kabla ya kushuka. Taa zote nne zikawashwa. Ukuta ulikuwa rangi ya krimu, nilikuwa sijui. Mtu akasema, si tupige picha moja, imeisha, nani atatufanyia nini sasa? Na mimi ndiye nilikuwa na simu juu tayari. Nilikuwa nimeshapanga watu, wafupi mbele, auntie katikati na leso yake. Taa ilikuwa nzuri kabisa. Mmoja wa wale wazee akainuka kutoka kona, hakuwa mkali, akasema, "Binti, mimi Jumatatu nina kazi."

Nilishusha simu. Nitasema ukweli, nilishusha nikiwa na hasira. Nilitaka hiyo picha vibaya. Nilijiambia ningeificha sura yake, ningemwambia asimame kando, na kwa dakika nzima nilikuwa nampangia huyo mzee mahali pa kusimama ndani ya chumba ambacho alikuwa amekaa miaka mingi kuniliko. Auntie akaona. Akanishika mkono akasema, "Shoga, enda nyumbani," na akaniwekea mandazi mawili kwa karatasi.

Ile picha ya smoki ni ya zamani kidogo. Chini ya ngazi kulikuwa na kijana wa smoki pasua na mayai, alfajiri, na tulikuwa tumerudishiwa simu. Ni mkono wake umeshika smoki, kachumbari inaanguka, kucha zimepakwa rangi ya maruni imebambuka. Nyuma kuna taa nyekundu haionekani vizuri. Hiyo ni taa ya mlango. Yeye ako Doha sasa, hoteli, mkataba wa miaka miwili, na kati yetu sijui tuseme nini, tunaongea. Nilipomwambia palifungwa alinitumia voice note ya sekunde arobaini. Unasikia tu watu wakisukuma vyombo na mashine ya kuosha. Mwisho anasema, "Haya."

Juzi nilipita hapo. Orofa ya tatu wamegawanya vibanda, wanauza chaja, vifuniko vya simu, na ile hoteli imehamishiwa nyuma. Soja ni yule yule. Nilidhani hatanijua, mchana na miwani, lakini alisimama kutoka kwa kiti chake.

"Siku hizi hamkujangi," akasema.

Nikamwambia si palifungwa.

"Najua palifungwa. Na yule mwenzako wa kucha?"

Nikasema ako Doha. Akatikisa kichwa, akasema huko kuna joto sana, dadake alikuwa huko. Halafu akanifungulia mlango kama zamani, nikapanda, nikanunua chaja ya mia tatu. Haikumaliza wiki.