Homa Isiyosikia Dawa ya Malaria

Sisi akina mama wa nyanda za chini za Baringo tumezoea homa. Mtoto akiamka na joto mwilini, kila mmoja wetu anajua la kufanya: kumpangusa kwa kitambaa chenye maji, kumpa maji ya kunywa, kisha kumbeba mgongoni hadi zahanati. Huko hupimwa malaria, hupewa dawa, na baada ya siku 3 anacheza na wenzake.

Lakini iko homa nyingine isiyofuata mpango huo. Inakuja, inapungua, inarudi. Leo mtoto anakula, kesho anakataa. Mmoja atasema ni malaria sugu, mwingine atasema ni homa ya matumbo, na mwingine atasema mtoto ametazamwa na jicho baya. Huku maneno yakiendelea, tumbo linazidi kuvimba na mikono inazidi kukonda. Homa hiyo ni kalaazari. Isipotibiwa, huua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Tunaandika haya kwa niaba ya kikundi chetu cha akina mama 19. Tulianza kwa kuchangiana fedha za sufuria, magodoro na karo za shule. Hatukujua kwamba siku moja kikundi hicho kingetusaidia kumwokoa mtoto.

Mdudu asiye na sauti

Anayeeneza kalaazari ni usubi, ambaye wengine humwita inzi wa mchanga. Urefu wake ni milimita 2 au 3, kama thuluthi ya mbu, na rangi yake ni ya vumbi. Mbu hukuamsha kwa mlio wake. Usubi hana mlio. Anayeuma ni jike, kwa maana anahitaji damu ili atage mayai. Hutoka jua linapozama na huendelea kuuma hadi alfajiri.

Mchana hujificha penye giza na unyevu: katika nyufa za ardhi, mashimo ya wanyama, nyufa za kuta za udongo, na hasa katika matundu ya vichuguu vya mchwa. Kwetu vichuguu viko kila upande, vingine virefu kuliko mtu mzima, vikiwa na tundu juu kama bomba la moshi. Watoto huvipanda wakicheza. Wachungaji huviegemea jioni wakingoja mbuzi wakusanyike. Mlipuko mkubwa ulipotokea Kitui katika miaka ya 1950, watafiti waliona kwamba wengi waliougua walikuwa na desturi ya kukaa na kuzungumza jioni karibu na vichuguu.

Usubi anapomwuma mgonjwa, hunyonya vimelea pamoja na damu. Baadaye akimwuma mtu mwingine humwachia vimelea hivyo, navyo huingia ndani ya wengu, ini na uboho wa mifupa. Kwa kawaida dalili huonekana baada ya miezi 2 hadi 6, hivi kwamba hakuna mama anayeweza kukumbuka ni usiku gani mwanawe aliumwa. William Leishman na Charles Donovan walivieleza vimelea hivyo mwaka 1903, na jina lake la kitaalamu, Leishmania donovani, limetokana na wawili hao. Jina kalaazari limetoka India, na maana yake ni ugonjwa mweusi, kwa sababu huko ngozi ya mgonjwa huweza kugeuka kuwa nyeusi zaidi. Sisi tuliozaliwa weusi tusingoje ishara hiyo!

Wiki 7 za kungoja

Mwaka 2018 mtoto wa mwenzetu mmoja, mvulana wa miaka 6, alishikwa na homa. Mama yake hakukaa kitako. Mara 3 alimpeleka zahanati, na mara 3 akapewa dawa ya malaria. Mara ya 4 akapewa vidonge vya homa ya matumbo. Hakuna aliyemlaza mtoto na kumpapasa tumbo. Wiki ya 6 bibi yake akaita mzee wa kuchanja, naye akamchanja chale ubavuni upande wa kushoto, pale palipovimba. Mila hiyo ni ya zamani katika sehemu zetu. Wazee wetu waliona vema mahali penye ugonjwa, ila wembe haufiki ndani ya wengu, na mtoto ambaye damu yake imepungua hana damu ya kumwaga.

Tulipokwenda kumwona tulikuwa 5. Mmoja wetu, aliyeolewa kwetu kutoka Pokot, alipiga magoti kando ya ngozi aliyolalia mtoto na kuweka kiganja chini ya mbavu za kushoto. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Hii naijua. Mimi nililazwa hospitalini siku 30 nikiwa msichana kwa ajili ya kitu hiki. Mtoto huyu aende kesho, si keshokutwa."

Shida haikuwa kujua la kufanya. Baba wa mtoto alikuwa mbali na ng'ombe, akifuata malisho, na simu yake haikupatikana. Mbuzi ni wake. Ni nani angethubutu kuuza hata mmoja? Mama mkwe alisema, "Mwenye boma hayupo. Tutamngoja." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo sisi sote tulivyolelewa.

Mwenzetu alimtazama mama mkwe wake, akainamisha macho. Mke wa mwana hajibizani na mama wa mume. Hapo mzee wetu wa kikundi, ambaye ni rika moja na bibi huyo, ndiye aliyezungumza. "Dada yangu," alimwambia, "mbuzi wakipotea usiku, humngoji mwenye boma arudi. Unachukua tochi na kuwafuata. Huyu mtoto amepotea usiku." Bibi alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Na nauli?" Nauli ilitoka katika sanduku la kikundi. Asubuhi yake waliondoka kwa pikipiki, mtoto akiwa katikati.

Katika mwaka uo huo, ng'ambo ya mto, alizikwa msichana wa miaka 9 mwenye tumbo kama hilo. Hakupata kupimwa ugonjwa mwingine wowote isipokuwa malaria.

Siku 17

Hospitalini walimdunga kidole, na kwa tone la damu wakapata jibu siku hiyohiyo: kalaazari. Ni vema kila mama ajue kwamba kipimo hicho cha haraka kipo. Ajue pia kwamba katika Afrika Mashariki huwakosa baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo jibu likiwa hakuna, na dalili zikiwa zipo, daktari anaweza kuhitaji kuchukua chembe kutoka ndani ya mwili, kwa mfano katika wengu, azitazame kwa hadubini. Tena malaria nayo huvimbisha wengu, na mtoto mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Malaria ikionekana katika damu, bado kalaazari inaweza kuwapo.

Zamani tiba ilikuwa sindano kwa siku 30. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Afrika Mashariki dawa 2 za sindano zitumiwe pamoja, na siku zikapungua hadi 17. Ni afueni kubwa, lakini jaribu kuhesabu, mama mwenzangu: sindano 2 kila siku, kwa siku 17, katika mapaja ya mtoto ambaye ni ngozi na mfupa. Mtoto wetu alikuwa akilia mara tu amwonapo mwuguzi na sinia.

Kufikia siku ya 8 homa ilikuwa imekwisha. Mtoto aliomba uji, kisha akaomba tena. Hapo ndipo jaribu lilipokuja. Nyumbani walibaki watoto 2 na mbuzi 30, chini ya bibi ambaye magoti yanamsumbua. Mwenzetu alitutumia ujumbe: "Amepona. Nataka kurudi."

Tunamwelewa kila mama aliyewahi kusema hivyo. Lakini katika kalaazari homa hukoma kabla vimelea havijaisha. Mgonjwa akiacha sindano katikati, ugonjwa huweza kurudi, na ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu. Kwa hiyo hatukumwambia avumilie tu. Uvumilivu haukami mbuzi! Tuligawana siku. Wawili walichota maji, mmoja alilala na watoto, mvulana mkubwa wa jirani alitoa mbuzi pamoja na wake. Kila baada ya siku 2 mmoja wetu alimpelekea mwenzetu chakula na habari za nyumbani. Siku ya 11 baba wa mtoto alitokea wodini, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Alikaa kando ya kitanda, akashika mguu wa mwanawe, hakusema neno. Jioni ile akapiga simu mbuzi 2 wauzwe.

Mtoto alimaliza siku zake zote 17. Leo yuko shuleni, na anajua mpira kuliko hesabu.

Si Baringo peke yake

Ugonjwa huu uko pia Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Wajir na Kitui. Uko ng'ambo ya mpaka huko Karamoja, nchini Uganda, tena Ethiopia, Somalia, Sudan na Sudan Kusini. Katika eneo la Upper Nile Magharibi, ambalo leo liko Sudan Kusini, watafiti walikadiria kwamba watu wapatao 100,000 walikufa kati ya mwaka 1984 na 1994, vita na njaa vilipowafukuza watu makwao na hospitali zikawa hazipo. Mwili usio na chakula cha kutosha hushindwa upesi na vimelea hivi, na vivyo hivyo mwili wenye virusi vya ukimwi.

Hata hivyo, ugonjwa huu unashindika. Bangladesh, iliyoteswa nao kwa vizazi vingi, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Oktoba 2023 kuwa nchi ya kwanza kuuondoa kama tatizo la afya ya umma. Walipima mapema, wakatibu mapema, wakapulizia nyumba dawa ya wadudu. Huku kwetu pia tiba inazidi kuwa nyepesi. Utafiti uliofanywa Ethiopia, Kenya, Sudan na Uganda, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba dawa ya kumeza ikiunganishwa na sindano 1 kwa siku, kwa siku 14, hufanya kazi kama tiba ya siku 17. Lakini dawa hiyo ya kumeza haifai kwa mama mjamzito, maana inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, aseme wazi kabla ya kupewa dawa yoyote. Iko dawa nyingine ya kumfaa.

Tunayofanya sasa

Katika kikundi chetu tumeweka mambo machache, nasi twawapa mama wenzetu bila malipo.

Kwanza, tunahesabu siku. Homa ikipita wiki 2, na dawa ya malaria imetumika sawasawa, hatuombi dawa nyingine ya malaria. Tunamwambia mhudumu waziwazi: "Tafadhali mpapase tumbo, na umpime kalaazari." Kama kipimo hakipo hapo, tunauliza kipo wapi. Vituo kama Kimalel na Chemolingot huku Baringo, na Kacheliba huko Pokot Magharibi, vimejulikana kwa kutibu ugonjwa huu.

Pili, watoto wanalala ndani ya chandarua chenye dawa. Usubi ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida kisichotiwa dawa. Joto likiwazidi na wakalala nje, chandarua kinatoka nao.

Tatu, jioni hatukai karibu na vichuguu, na nyufa za kuta tunazikandika udongo.

Nne, sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi huwekwa kando kwa ajili ya nauli ya mgonjwa. Haikopeshwi kwa jambo lingine lolote.

Tano, na hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, tumezungumza na waume zetu kabla ya ugonjwa kuja. Kila mmoja amemwuliza wake, wakati wa amani, baada ya chakula: "Baba watoto, ukiwa mbali na mtoto akaugua, ni mbuzi yupi ninaweza kuuza?" Wengine walicheka. Wengine walinuna siku 2. Lakini kufikia mwisho wa mwezi ule, akina mama 16 kati yetu 19 walikuwa wamekwisha kuonyeshwa mbuzi huyo. Watatu waliobaki bado wanaendelea kuuliza.