Kibao cha 50 kati ya Kasulu na Kibondo

Safari ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo imebadilika. Miaka michache iliyopita ilikuwa safari ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Kuna vipindi ambavyo mabasi yalipita maporini yakisindikizwa na askari wenye silaha. Sasa sehemu kubwa ya njia ni lami. Ni sehemu ya barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilometa 260 zilizogawanywa katika vipande vinne vya ujenzi, kwa fedha za Serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Nje ya Kasulu vilima vya Buha hufunguka pande zote: migomba, mihogo, maharage, nyumba za matofali ya kuchoma. Makere ni karibu na kambi ya Nyarugusu, inayohifadhi wakimbizi tangu mwaka 1996. Mbele ni Mvugwe, kisha njia panda ya Nduta, halafu Kibondo. Njiani kuna baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, bodaboda, akina mama waendao sokoni, na watoto wa shule wanaotembea pembezoni mwa lami.

Lami hiyo inateleza vizuri mno. Dereva aliyezoea mashimo hujikuta mshale umefika 80 bila gari kutikisika. Nyumba zikianza kusogeleana, hutokea kibao cha 50. Na mara nyingi, mbele kidogo ya kibao, yupo trafiki mwenye tochi, ile mashine ya kupima mwendo.

Karatasi ya elfu thelathini

Chukua mfano wa mama anayeendesha gari la familia, watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma. Anasimamishwa na kuambiwa alipita kwa 71. Anaamini hakuvuka 50. Huenda aliyempiga tochi yuko kilometa mbili nyuma, na picha imetumwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele. Faini iliyozoeleka ni shilingi 30,000, na hulipwa kwa namba ya malipo, si mkononi.

Hapo ana njia tatu. Ya kwanza ni kulipa. Ya pili ni ile inayoanza kwa “Afande, tusaidiane basi.” Hiyo ni rushwa, na kwa sheria ya mwaka 2007 anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Ya tatu wengi hawaijui: kukataa kosa kwa adabu na kuomba kusikilizwa mahakamani.

Karatasi ya faini chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ni njia ya mkato. Anayekubali kosa hulipa, na shauri huishia hapo. Asiyekubali bado ni mtuhumiwa tu. Katiba, Ibara ya 13(6), inampa haki ya kusikilizwa kikamilifu na inakataza kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Kwa hiyo anayetaka kupinga aseme mapema, kwa sababu kulipa huhesabiwa kuwa ni kukubali. Akae kimya bila kulipa wala kupinga, deni litabaki kwenye mfumo likiongezeka.

Wakili anatazama nini

Kasulu na Kibondo kila moja ina Mahakama ya Wilaya. Rufaa kutoka huko siku hizi husikilizwa na Mahakama Kuu mjini Kigoma. Zamani watu walisafiri hadi Tabora. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo mama huyo atafuata kila neno la kesi yake.

Wakili ataanza na picha. Je, namba ya gari inasomeka? Saa na mahali vinalingana na safari? Gari lililopimwa ni hilo, au lililokuwa likilipita? Kibao kilikuwepo, na kilionekana? Askari aliyeshika tochi atafika kutoa ushahidi, au atakuja aliyeandika karatasi peke yake? Mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka.

Majibu ya maswali hayo huanza kukusanywa palepale barabarani. Dereva aombe kuiona picha, aandike saa na jina la kijiji, atunze karatasi, kisha mtu mwingine apige picha ya kibao, au ya mahali kinapodaiwa kuwepo.

Gharama lazima zisemwe wazi. Ada ya wakili mara nyingi hupita elfu thelathini, na kesi inaweza kuahirishwa zaidi ya mara moja. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria hushauri na kuelekeza, ila hawasimami mahakamani mahali pa wakili. Kwa mwenye gari la familia, huenda ushauri wa saa moja ukatosha kumwonyesha kama ana hoja. Kwa dereva wa basi au lori, ambaye leseni ndiyo jembe lake, hesabu ni tofauti.

Kama tochi ilisema kweli

Lakini wakili mwema atauliza swali moja kabla ya yote: ulikuwa unakwenda mwendo gani? Kama jibu ni 71, basi kibao hakikumwonea mtu. Kimewekwa kwa ajili ya mtoto wa Makere, ambaye dada zake walivuka barabara ya vumbi iliyopitiwa na magari yanayotambaa, na ambaye leo anavuka lami bado hajajifunza kukadiria gari linalokuja kwa kasi. Hapo afadhali kulipa.

Hata hivyo faini ya uongo nayo inamdhuru mtoto yuleyule. Madereva wakishaamini kwamba tochi ni mtego wa kukusanya pesa, hupunguza mwendo kwa kumwogopa afande, na akiondoka jioni wanakanyaga mafuta. Kesi moja iliyosikilizwa wazi, dereva ashinde au ashindwe, huwafundisha kwamba 50 ina maana. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni inawafundisha kwamba ina bei.

Na wale wawili wa kiti cha nyuma wameyasikia yote: sauti ya mama, jibu la afande, na ukimya uliofuata. Wakifika Kibondo watauliza. Mzazi awaeleze bila kuficha: alikwenda mwendo gani, kwa nini amelipa au kwa nini amekataa, na kesi itasikilizwa lini.