Salamu za Wageni, Sura za Wenyeji

Kila tuvukapo kwenda Unguja kuwajulia hali wazee, hatukosi kupita katika duka moja la vitu vya kale huko Mji Mkongwe. Watoto huvutiwa na saa za ukutani na mabirika ya shaba. Sisi huinamia sanduku la postikadi.

Nyingi ni za mwanzoni mwa karne iliyopita, zama ambazo wapiga picha wa Kigoa, kama A. C. Gomes, walikuwa na studio zao mjini humo. Zile kongwe zaidi hujulikana upesi. Upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, hivyo msafiri alibana maneno yake pembezoni mwa picha, pengine juu ya mbingu ya Beit al-Ajaib. Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani vikae upande mmoja mwaka 1902, na nchi nyingine zikafuata.

Na waliandika nini? Joto. Meli inang'oa nanga jioni. Barua yako haijanifikia. Katika kadi moja kijana anamweleza mama yake kwamba homa imemwacha na sasa anakula. Mstari wa mwisho umefutwa na maji. Tulisita kuisoma. Tumelelewa kwamba barua ya mtu ni amana, ingawa hii haikuwahi kuwa na bahasha. Tukaisoma, kwa haya kidogo.

Kilichotuchoma kilikuwa upande wa pili. Wanawake wawili wamesimama penye baraza, wamejitanda kanga, na chini yao maneno matatu ya Kiingereza yasemayo kuwa ni wanawake wa Kiswahili, Zanzibar. Basi. Mgeni wa siku chache tunalijua jina lake, la mama yake na la mtaa wao. Hawa, ambao huenda ni mabibi wa watu tunaoswali nao safu moja, hawana jina. Zipo kadi nyingine, za mabinti waliovuliwa sitara mbele ya kamera. Muuzaji huzificha chini ya meza, na bei yake ni kubwa zaidi. Hatuamini kwamba mabinti wale waliulizwa ridhaa yao, nasi hatukuzinunua.

Ile ya baraza tuliinunua, tukampelekea bi mkubwa wetu wa Malindi, ambaye umri wake umepita miaka 80. Hakujishughulisha na maandishi. Aliisogeza dirishani, akaitazama kitambo.

"Hawa siwatambui, wanangu," akasema. "Lakini mlango huu naujua."

Akataka kalamu ya risasi, akaigeuza kadi, akaandika jina la mtaa chini ya salamu za yule kijana. Kisha akatuambia tumwachie hadi Ijumaa, apate kuwauliza wenziwe.