Mashine ya Kijerumani Ngerengere

Katika shamba la mkonge la Ngerengere, nilikoajiriwa ukarani katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kazi yangu ilikuwa kupiga chapa tangu asubuhi mpaka jioni: orodha za vipande, hesabu za marobota ya singa yaliyopelekwa stesheni, barua za Dar es Salaam, na matangazo ya wafanyakazi, ambayo hayakuwa na budi kuandikwa kwa Kiswahili, kwani Waluguru walioteremka milimani na Waha, Wangoni na Wamakonde waliokuja kwa mkataba hawakuwa na lugha nyingine ya kuwakutanisha. Nilikuwa nimejifunza kwa mashine ya mpangilio wa Kiingereza, na niliweza kupiga maneno 50 kwa dakika bila kutazama vidole.

Mashine ile ilipoharibika ikapelekwa mjini, nilitolewa nyingine stoo, ya Kijerumani, iliyoachwa na meneja wa zamani. Kuikuta huko si ajabu, maana mkonge wenyewe uliletwa nchini na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, na reli ipitayo Ngerengere ni Wajerumani pia walioijenga, ikafika Morogoro mwaka 1907.

Asiyeijua kazi hii atasema tofauti ilikuwa ndogo, kwani karibu herufi zote zilikuwa mahali pake, isipokuwa Y na Z zilizobadilishana makao. Wajerumani walikuwa na hoja yao: katika lugha yao Z hutumika sana na Y ni adimu, basi wakaiweka Z katikati, karibu na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na Y wakaisukuma pembeni chini, iangukie kidole cha mwisho cha kushoto. Ama sisi, herufi hizo mbili tunazihitaji karibu katika kila sentensi. Na lililo zito zaidi ni kwamba zikibadilishana katika Kiswahili, aghalabu halitoki neno bovu ambalo jicho litalikamata, bali hutoka neno sahihi lisilokusudiwa. Ya huwa za, yake huwa zake, yote huwa zote.

Nyapara mmoja, mzee wa Kiluguru mwenye macho makali, aliliinamia tangazo lililokuwa mezani likingoja sahihi.

“Bwana Karani, wiki hii posho ni ngapi?”

“Ni moja, Mzee, kama siku zote.”

Akaweka ukucha juu ya karatasi. “Hapa nasoma ‘posho za wiki hii zote’. Watu watakuja na magunia mawili.”

Nikachukua raba, nikafuta karatasi ya juu na nakala mbili za kaboni, moja baada ya moja, nikiweka kipande cha karatasi katikati ili kaboni isichafue nakala.

Wenzetu wa Kongo walirithi mpangilio wa Wabelgiji, ambao A imekaa mahali pa Q, na Z mahali pa W, hata mkono uliozoea Kiingereza ukitaka kuandika ‘wa’ huandika ‘zq’. Lakini kosa hilo angalau hujifichua lenyewe.

Kasi yangu ilishuka chini ya nusu, na sababu haikuwa ujinga, kwa kuwa akili ilijua mahali pa kila herufi tangu siku ya kwanza. Mkono una hifadhi yake, ambayo haishauriani na akili: nikiharakisha, kidole kilirudi makao ya zamani, nikisita ili nifikiri, mwendo wote ulivunjika, hata herufi ambazo hazikuhama zikaanza kunipotea. Hilo la mwisho ndilo lililonihuzunisha, kwani niliona maarifa ya miaka yakiyumba kwa ajili ya vitufe viwili.

Jioni, korona, mashine ya kutoa singa kwenye mkonge, iliponyamaza, nilibaki ofisini na kandili, nikifunika vidole kwa kitambaa, nikipiga maneno yetu wenyewe: ya, za, yangu, zangu, nyuzi, nyanza, yamezidi; kila pigo kwa kipimo kimoja, kama mtu apandaye Uluguru na mzigo kichwani, asiyeharakisha hatua hata njia inaponyooka. Usahihi ulitangulia, na kasi ikaja nyuma yake bila kuitwa.

Mashine ya kwanza iliporudi, niliogopa taabu ile isianze upya. Lakini vitufe vya Kijerumani vilikuwa vizito na vya kina, na vya Kiingereza vyepesi, hivyo mkono ukajifunza kuzitambua mashine hizo mbili kwa kugusa tu. Nikaziweka juu ya meza mbili, matangazo ya Kiswahili kwa ya Kijerumani, barua za Dar es Salaam kwa ya Kiingereza, wala sikukubali zibadilishane kazi. Mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge yalipochukuliwa na serikali, na shughuli za serikali zikaamriwa kuendeshwa kwa Kiswahili, barua za ofisi yetu nazo zikaanza kugeuka lugha, na mwaka hata mwaka nikawa nakaa zaidi kwenye meza ya Kijerumani.