Katoni chini ya kitanda

Ndugu msomaji, siku ukipita kwetu Hewa Bora, hapa Lubumbashi, saa ya mangaribi, utasikia mlio huu kwenye baraza yetu: tok, tok, tok. Ni pingi-pongi. Meza yetu ni ya mbao, kazi ya seremala wa mtaa. Wavu wake ni kipande cha wavu wa samaki uliozeeka. Usicheke! Kwenye meza ile nimefundisha vijana wa mtaa kwa miaka zaidi ya ishirini. Na kwenye meza ile ile nilimkosea mtoto wangu mwenyewe. Maneno hayo njo nataka kukuelezea leo. Pengine yatakusaidia ndani ya jamaa yako.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alitumika kwenye kiwanda cha shaba, na jioni alikuwa ananipeleka ku serkle, lile jumba la kambi ambamo wafanyakazi walicheza karata, walisoma gazeti na kupiga pingi-pongi. Yeye ndiye aliyenifundisha serevisi, maana yake pigo la kuanzisha mchezo. Alikuwa anasema, "Usipige mupira, mutoto yangu. Pangusa chini yake, kidogo tu, sawa vile unapangusa vumbi." Nilijaribu mwaka mzima. Siku moja mpira ulivuka wavu, ukaanguka upande wa pili, kisha ukageuka na kurudi kwangu wenyewe. Baba alicheka mpaka machozi.

Wakati ule mpira ulikuwa na upana wa milimeta 38, na mchezo ulikwisha kwa pointi 21. Mpira ukibonyea, tuliutia ndani ya maji ya moto, nao ulijaa tena. Ukipasuka, ulitoa harufu ya kafuri, kama ile ya dawa ya kupaka kifua. Hata leo nikisikia harufu ile namwona baba yangu.

Mchezo huu umebadilika mara nyingi, wapenzi wasomaji. Mwaka wa 2000, baada ya michezo ya Olimpiki ya Sydney, mpira ulikuzwa kutoka milimeta 38 mpaka 40. Mwaka wa 2001 pointi 21 zikawa 11. Sisi wazee tulinung'unika mara zote mbili, kisha tukazoea. Lakini badiliko la tatu lilinishinda. Tangu mwezi wa saba mwaka wa 2014 shirikisho la dunia la mchezo huu lilianza kutumia mipira mipya ya plastiki katika mashindano yake makubwa, pahali pa ile ya selulodi.

Selulodi ni nini? Ni pamba iliyotiwa ndani ya asidi kali, kisha ikachanganywa na kafuri. Watu walicheza nayo tangu karibu mwaka wa 1900. Ni kitu kizuri, lakini kinapenda moto kupita kiasi. Kinawaka kwa ghafula, na ndiyo sababu kilikuwa hatari kwa watu wa viwandani na kwa wale wanaokisafirisha. Hiyo ni sababu moja kubwa iliyotolewa ya kukiacha.

Sasa ukiweka mipira miwili mezani, mmoja wa zamani na mmoja wa plastiki, macho hayataona tofauti. Uzito ni ule ule, gramu 2.7. Lakini mpya ni mkubwa kidogo sana, ndiyo maana umeandikwa 40 na alama ya kujumlisha. Mlio wake si ule wa zamani. Na juu ya yote, haupokei mzunguko kama ule wa selulodi: ngozi ya raketi haiushiki vizuri vile, na hewa inauchosha mapema. Serevisi ya baba yangu, ile ya kupangusa chini, ilikuwa inaishi kwa mzunguko. Umeelewa? Kitu nilichokijua kuliko watu wote wa mtaa kilipoteza nusu ya nguvu zake.

Nilifanya nini? Nilitafuta mipira ya zamani. Kila mfanyabiashara aliyetoka Kasumbalesa nilimwuliza. Nilinunua huku na huku, nikajaza katoni nzima, nikaiweka chini ya kitanda. Vijana waliponiuliza kama ni kweli kwamba mipira imebadilika, niliwajibu, "Mupira ni mupira." Wakaniamini, kwa sababu kwenye meza ile hakuna aliyenishinda.

Kati ya vijana wale alikuwemo binti yangu. Alianza kucheza akiwa na miaka minane, akisimama juu ya kreti ya limonade ili aone upande wa pili. Alipofika miaka kumi na mitano serevisi yake ilikuwa karibu kufanana na yangu. Mwaka wa 2018 nilimwandikisha kwenye mashindano ya vijana pale mjini. Mama yake alimshonea nguo. Asubuhi tulitoka sisi watatu kwa miguu mpaka barabara kubwa, tukafurahi kama watu wanaokwenda kwenye ndoa.

Pale walitoa mipira ya plastiki. Niliona ile alama ya 40 na ya kujumlisha, moyo wangu ukashuka. Binti yangu alipangusa kama nilivyomfundisha. Mpira ulikwenda ukiwa mtupu, ukasimama juu, na yule msichana mwingine akaupiga kama mtu anayefunga mlango. Pointi 11 kwa 5. Pointi 11 kwa 4. Pointi 11 kwa 3. Mara mbili aligeuka kunitazama, naye alitaka nimwambie afanye nini. Sikuwa na neno.

Hakulia mbele ya watu. Njiani, tulipokaribia nyumbani, alisimama.

"Papa, ulikuwa unayua kama mipira ilishabadilika?"

"Nilikuwa nayua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Sasa yuu ya nini haukuniambia?"

Bibi yangu alitazama chini. Mimi nilisema maneno mengi juu ya mipira ya bei kali na ya watu wa mjini wanaopenda vitu vipya. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akatangulia. Usiku ule alitundika raketi yake ku musumari, nyuma ya mlango. Ilikaa pale karibu mwaka mmoja. Kila asubuhi nikifunga mlango niliiona.

Ndugu msomaji, utaniuliza: mwaka mzima, na wewe baba ulinyamaza? Ndiyo, nilinyamaza. Kwetu baba anamwonya mtoto, anamlisha, anamlipia masomo. Lakini kumwomba mtoto wake msamaha, hilo wengi wetu hatukuliona kwa baba zetu. Nilijiambia kwamba itapita.

Kilichonifungua macho ni moto. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Umeme ulikatika, na bibi yangu aliwasha mbabula kwenye baraza ili apike bukari. Kitinda-mimba wetu aliokota mpira wa zamani uliopasuka, akautupa juu ya makala. Moto uliruka pale pale, wa juu na wa manjano, ukaunguza pindo la kikwembe cha mama yake. Tulimwagia maji haraka. Hakuna aliyeumia. Bibi yangu alitazama lile pindo, kisha akanitazama mimi.

"Papa wa batoto, mupira moja tu njo imefanya moto ya vile?"

"Njo vile."

"Na ile katoni tunalala juu yake kila siku?"

Sikupata usingizi. Nilisikia ile harufu ya kafuri ikitoka chini yangu, na mara hii haikuniletea furaha ya baba yangu. Niliona wazi kwamba sikuficha mipira kwa ajili ya watoto, wala kwa ajili ya marehemu. Niliificha ili niendelee kuwa bingwa wa baraza. Na binti yangu alilipa deni lile mbele ya watu.

Asubuhi niliondoa katoni, nikaiweka ndani ya depo, mbali na moto. Kisha nilikwenda mjini kununua mipira mitatu ya plastiki. Niliporudi nilimwita binti yangu barazani. Nilimwambia, "Mama, nilikukosea. Niliyua, nikanyamaza, yuu ya majivuno yangu. Unisamehe." Alinyamaza muda mrefu sana. Hakunikumbatia, usifikiri ilikuwa kama kwenye sinema. Aliingia ndani, akatoka na raketi, akapangusa vumbi kwa mkono wa nguo yake. Akasema tu, "Leta mupira."

Siku ile alinipiga 11 kwa 4. Tulianza upya wote wawili, na kweli yeye alitangulia kuelewa. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuchagua mpira mzuri: unauzungusha juu ya meza, na ukiyumbayumba si wa mviringo sawa. Unasimamisha rula ya masomo, ile ya sentimeta 30, na kuuachia mpira kutoka juu yake: juu ya meza nzuri unaruka karibu sentimeta 23. Meza yetu ilishindwa mtihani ule kwenye pembe moja, tukamwita tena seremala.

Halafu kuhusu kucheza. Siku moja niliserve mara kumi, mara kumi akanirudishia kwa nguvu. Alicheka, mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. "Papa, weye unangojea mupira ifanye kazi yako."

Neno lile lilinipata. Na ni kweli kabisa. Mpira wa zamani ulifanya sehemu kubwa ya kazi: ukiupangusa vizuri, ulimdanganya mtu wenyewe. Mpya unataka miguu, kiuno na mwili mzima. Serevisi bado inapanguswa, kwa haraka zaidi na kwa kifundo cha mkono, lakini isitegemee mzunguko peke yake: upeleke mpira pahali ambapo mwenzako hayupo, mara mfupi karibu na wavu, mara mrefu kwenye pembe. Na usisimame kutazama pigo lako zuri, kwa sababu mpira huu unarudi. Jitayarishe kwa pigo la pili na la tatu.

Kuna jambo lingine nililowaambia vijana, nalo ni la kweli. Olimpiki ya Rio ya mwaka wa 2016 ilikuwa ya kwanza kuchezwa kwa mipira ya plastiki. Na ndiyo ile ambamo Aruna Quadri wa Nigeria alimshinda Timo Boll wa Ujerumani, akawa Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya wanaume mmoja mmoja. Wakati ule Waafrika wenzangu walikuwa wanapanda ngazi kwa mpira mpya, mimi nilikuwa nalalia ule wa zamani hapa Hewa Bora.

Binti yangu amerudi kwenye mashindano. Ameshinda mara, ameshindwa mara. Wakati mwingine bado ananiuliza, "Papa, hii ni kweli ao ni vile unapenda weye?" Sikasiriki. Imani ikipasuka haijai kwa maji ya moto. Inataka siku nyingi.

Ile mipira ya zamani hatukuitupa. Jumamosi wazee wenzangu wa kambi wanakuja, tunacheza nayo mchana, mbali na mbabula, na tunahesabu mpaka 21 kama zamani. Imebaki saba. Ikipasuka yote, basi. Watoto wanaoanza, sisi tunawapa plastiki tangu siku ya kwanza.

Ninyi vijana, mwalimu akiwaambia kwamba hakuna kilichobadilika, mwulizeni tena, kwa heshima. Nanyi wazazi wenzangu, kazi za zamani zimebadilika, masomo yamebadilika, na watoto wetu watacheza kwa mpira ambao hatukuzaliwa nao. Tusiwafiche jambo tunalolijua kwa kuogopa kushindwa nao. Je, wewe, katoni yako iko wapi?

Juzi Jumapili tulicheza tena. Alinipiga 11 kwa 8. Ninaendelea kujifunza.