Maji Yakimwagika

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii tumezoea kumwonya nayo mropokaji. Katika maisha ya Theodore Sedgwick, mwanasheria na mbunge wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1746, nimeiona ikifanya kazi nyingine.

Mwaka 1773 wakubwa wa mji wa Sheffield, huko Massachusetts, walikutana kulalamikia utawala wa Uingereza. Kamati iliongozwa na Kanali John Ashley. Kijana Sedgwick alikuwa mwandishi wake. Maazimio yao yalitamka kwamba binadamu kwa asili ni sawa na huru. Waungwana hao walikuwa wakijisemea wenyewe. Lakini nyumbani kwa Ashley alikuwamo mtumwa wa kike, Bett. Hakujua kusoma wala kuandika. Masikio alikuwa nayo.

Mwaka 1780 katiba mpya ya Massachusetts ikalirudia tamko hilo. Bett akamwendea Sedgwick, akitaka kujua kama sheria ile haikumhusu na yeye.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Ashley alikuwa tajiri, tena mwenzake wa kamati. Sedgwick angeweza kumjibu mama yule kwamba maneno yale hayakukusudiwa kwa watu kama yeye, na wengi wangeafiki. Badala yake, Agosti 1781, akisaidiana na Tapping Reeve, alisimama katika mahakama ya Great Barrington kumtetea Bett pamoja na mtumwa mwenzake, Brom. Walitangazwa kuwa huru, na Ashley akaamriwa kuwalipa fidia ya shilingi 30. Bett akajiita Elizabeth Freeman. Akafanya kazi ya ujira kwa akina Sedgwick, na alipofariki mwaka 1829 alizikwa katika makaburi ya ukoo wao, Stockbridge.

Sedgwick alipanda vyeo: Spika wa Baraza la Wawakilishi kuanzia 1799 hadi 1801, kisha jaji wa mahakama kuu ya jimbo lake hadi kifo chake mwaka 1813. Vyeo hivyo wamevipata wengi.

Sisi walimu tunapenda kutamka mbele ya watu kwamba elimu ni haki ya kila mtoto. Mpishi anasikia, mlinzi wa lango anasikia. Siku mmoja wao akija ofisini amemshika mwanawe mkono, tusimwulize nani alimwambia. Tulisema sisi.