Uso wa Mama Katika Ukungu wa Chawia

Katika sanduku la nyumbani kwetu Mombasa mna picha moja ambayo kwa miaka mingi sikupenda kuitazama. Niliipiga mwenyewe huko Chawia, katika milima ya Taita, siku ya pili ya Idd, mbele ya nyumba aliyozaliwa mama yangu. Baba amesimama na kanzu yake, na mama yu kando yake amevaa buibui. Nyuma yao umetanda ukungu uliokuwa ukipanda kutoka bondeni. Ukungu umetoka vizuri mno, hata mawimbi yake yanahesabika. Kanzu nayo imetoka, ingawa imegeuka rangi ya majivu. Uso wa mama haumo. Mahali pake pana doa jeusi lililoungana na buibui, na chini yake kipochi cheupe kinachoonekana kama kinaelea peke yake hewani. Mama alifariki kabla ya Idd iliyofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hatuna picha nyingine yake akiwa kwao.

Siku hiyo nilikuwa na kamera ya kuazima, na nilikuwa mtiifu kwake. Ndani ya kioo chake mlikuwa na sindano ndogo. Nilizungusha tundu la mwanga mpaka sindano ikasimama katikati, kama nilivyoagizwa, kisha nikabonyeza. Filamu iliposafishwa wiki tatu baadaye, nilimlaumu aliyeisafisha. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba sindano ilinijibu sawasawa. Mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilokuwa langu.

Kamera nyingi zina kipima-mwanga, hata hii iliyomo ndani ya simu. Kipimo hicho hakijui kanzu wala buibui. Kinajua kiasi cha mwanga kinachorudi kutoka kwenye vitu, na kimeundwa kukisia kwamba chochote kilicho mbele yake, ukichanganya cheupe na cheusi chake, ni kijivu cha wastani kirudishacho takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kielekeze kwenye ukuta wa chokaa, kitasema mwanga umezidi na kitaupunguza mpaka ukuta uwe kijivu. Kielekeze kwenye buibui, kitaongeza mwanga mpaka buibui nalo liwe kijivu. Sisi watu wa pwani, ambao kwenye harusi zetu wanaume hujaa upande mmoja na kanzu nyeupe, na wanawake upande wa pili na mabuibui, tumepewa mtihani ambao waundaji wa kamera huenda hawakuufikiria. Ndipo unapokuta albamu nzima ya harusi ambamo kanzu zote zinaonekana kama zilifuliwa kwa maji ya mtaroni.

Waundaji nao hawakulala. Mwaka 1983 Nikon walitoa kamera ya FA, iliyoigawa picha katika sehemu tano, ikapima kila sehemu mbali na kulinganisha kabla ya kuamua. Kamera za leo zimerithi fikra hiyo kwa sehemu nyingi zaidi, na nyingi hutambua hata uso wa mtu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, ya kupima picha nzima. Njia ya pili hupima kote lakini huelemea katikati. Ya tatu hupima nukta moja ndogo tu na kupuuza yote yaliyobaki. Kitabu cha kamera yangu kimezieleza kwa kurasa mbili. Mimi nilizielewa kwa safari moja, mwezi wa Julai, nilipokwenda kumpiga picha mama mkubwa, dada yake mama, ambaye angali anaishi katika nyumba ile ile.

Tuliondoka Mombasa alfajiri. Voi tulikuta jua kali na vumbi jekundu, na tulipoiacha barabara kuu kuelekea Mwatate, mashamba ya mkonge yakatandaza mistari yake mpaka chini ya milima. Hapo jua lilikuwa mgongoni kwangu na kila kitu kimepata mwanga ulio sawa: udongo, majani, mbingu. Niliiacha kamera ipime picha nzima na sikuwa na la kuisahihisha. Katika mwanga wa namna hiyo, anayehangaika na nukta anajitafutia kazi bure.

Mambo yalibadilika tulipopanda. Msitu wa Chawia ni kipande kidogo kilichosalia cha msitu wa asili, na ndani yake yupo ndege mmoja, Turdus helleri kwa jina la wataalamu, asiyepatikana popote duniani ila katika milima hii. Kichwa na kifua chake ni vyeusi, tumbo jeupe, mdomo rangi ya machungwa. Ndege aliyevaa kanzu chini na buibui juu! Nilikaa nusu saa nikimngoja huku nimeweka kipimo cha kuelemea katikati, ili mianya ya mbingu iliyokuwa pembeni mwa picha isiidanganye kamera. Kipimo kilikuwa sawa. Ndege hakuja.

Tulifika kwa mama mkubwa saa tano, na ukungu ulikwisha kutangulia. Alitoka mlangoni kwa mkongojo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile mashine yako ya kufuta watu?"

Alikuwa hajasahau. Niliiona picha ile ya zamani kichwani mwangu, na mikono ikanilegea. Yeye ni mtu wa kanisani, amevaa sweta ya buluu na kitambaa cheusi kichwani, na uso wake ni mweusi wa kung'aa kama alivyokuwa mama. Alitaka kupigwa pale pale, mbele ya nyumba, bonde likiwa nyuma yake. Bonde lenyewe halikuonekana; palikuwa na weupe mtupu.

Nilijaribu kwanza kipimo cha picha nzima, nipate kuona. Kamera ikautii ukungu kama sindano ilivyoutii zamani, na mama mkubwa akawa kivuli. Nikahamia kwenye nukta, nikaiweka shavuni mwake, nikakifunga kipimo na kupiga. Safari hii uso ulionekana wote. Nikamwonyesha binti yake, naye akaitazama skrini kwa muda.

"Kaka, huyu si mama. Umempaka poda."

Alisema kweli. Kipimo cha nukta nacho kilikuwa kikitafuta kijivu chake. Kilipouona uso mweusi kiliupandisha mpaka ukawa wa mtu mwingine. Kuiweka nukta mahali pake hakukutosha. Ilinibidi pia niiambie kamera kwamba hapo ilipopima pana weusi, na weusi huo ubaki. Nilipunguza theluthi mbili za stopu, kama wapiga picha waitavyo kipimo cha kuzidisha mwanga maradufu au kuupunguza nusu. Kisha, kwa kutojiamini, nikapima pia majani mabichi miguuni pake, maana majani yaliyo katika mwanga ule ule hukaribia kijivu cha wastani. Vipimo viwili vilipatana. (Mwenye simu asikate tamaa: katika simu nyingi, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha teremsha au pandisha alama ya jua kwa kidole mpaka rangi yake iwe yake.)

Ukungu nilikubali kuupoteza. Katika picha mpya umekuwa karatasi nyeupe isiyo na wimbi hata moja, na mtu akitaka kujua bonde la Chawia likoje, picha hii haitamsaidia. Lakini mikunjo yote ya uso imo, na jicho la kushoto linalofumba kidogo anapozuia kicheko, na ule weusi wenyewe.

Binti yake alipoiona alinyamaza, kisha akaomba ya kuweka ukutani. Baada ya chai nilitoa mkobani ile picha ya zamani, ambayo sikuwa nimepanga kuionyesha. Mama mkubwa aliisogeza karibu na macho. Hakuuliza uso uko wapi. Aliweka kidole juu ya kipochi cheupe.

"Hiki nilimpa mimi," akasema. "Kamba yake ilikuwa imekatika, akaishona kwa uzi mwekundu. Wewe hukuona?"

Kisha akaichukua kamera, akaitazama tena picha yake mwenyewe, na akaniagiza niwapelekee wajukuu Mombasa. Niwaambie bibi yao alifanana hivi, ila pua yake ilikuwa ndogo.